Kuulizwa Mara Moja

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Wenzangu wa rika langu nikisema hivyo tu wameshajua ni mwaka gani, hawahitaji kalenda. Kabla yake ulikuwa mwaka wa makopa, tulipotafuna mihogo mikavu mpaka mate yakawa na vumbi, na baadaye ukaja mwaka wa bulga, ile ngano ya msaada iliyopikwa kama wali na kulika kama changarawe. Katikati hapo ndipo unga wa njano. Mahindi yake yalitoka ng'ambo, na watu walisema huko kwao wanalishwa ng'ombe. Ugali wake ulikuwa na utamu wa kijinga, unanuka gunia, na ukipoa unakuwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Sote tulisema hatuupendi. Tulisema hivyo tukiwa tumeshaumaliza.

Naukumbuka mwaka huo kuliko mingine yote, wala si kwa sababu ya njaa. Njaa tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Naukumbuka kwa sababu ndio mwaka niliojifunza neno moja la Kiingereza, na Idi hii iliyopita, nyumbani kwa mwanangu Abdi kule mjini, mtaa wa Usagara, neno hilo limenifuata mpaka mkekani. Tangu siku hiyo sijaweza kumtazama mwanangu machoni. Lakini hayo yatakuja. Kwanza turudi Pangani, tuwe wadogo.

Tulikuwa wadogo kweli, si kama watoto wa sasa ambao wakifika miaka saba wameshachoka na dunia. Tulicheza mdako kwa kokoto mpaka kucha zikaisha. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba ya mgomba, ukikupata mgongoni unaondoka na alama ya tope na kelele za wenzio. Tukichoka tunakwenda mtoni kuwatazama mama zetu wakipiga makumbi. Wajukuu zangu hawajui makumbi ni nini, wanadhani kamba inazaliwa dukani. Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope yakaoza miezi na miezi, kisha yanafukuliwa, yananuka hasa, ndipo yanapigwa kwa rungu mpaka yakatoa nyuzi za kusokota kamba. Mama yangu alikuwa mpigaji makumbi. Baba alikwishatangulia mbele ya haki, na ile kamba ndiyo iliyotulisha. Mikono ya mama ilinuka tope lile, akiniosha uso asubuhi nanuka mtoni siku nzima, na hata leo nikipita kando ya mto maji yakiwa yamekupwa, naligeuzia uso tope kama mtu aliyeitwa jina.

Mama alikuwa wa kazi. Serikali ya nyumba alikuwa Bibi yangu, mama yake mama. Mwanamke mfupi, mkavu, tasbihi haimtoki mkononi, na ulimi wake ulikuwa unakata kuliko kisu cha kuparia samaki. Bibi alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoificha nyuma ya kitanda, na mafuta yale hayakuwa ya kupikia wala ya nywele. Kila asubuhi kabla hatujatoka kwenda shule alituita mlangoni, anachovya kidole, anatupaka midomoni. Midomo inang'ara kama tumetoka kwenye karamu ya harusi.

"Mmekula, hamkula, hayo ni yenu na Mungu wenu," alikuwa akisema. "Jirani yeye aone mafuta."

Na alikuwa na sheria nyingine, ambayo nyie wa pwani wenzangu mtaijua hata kama kwenu ilisemwa kwa maneno mengine. Mtoto akikaribishwa chakula kwa watu hasemi nataka. Neno hilo lilikuwa baya kwetu sawasawa na matusi. Bibi alitufundisha la kujibu, tukalikariri kama tulivyokariri juzuu chuoni: "Ahsante, kwetu kipo."

Kwetu hakipo, lakini unasema kipo. Hapo mwenyeji anakukaribisha tena, unainama chini na kuchora mchanga kwa kidole cha mguu. Anakukaribisha tena, safari hii kwa kukukaripia kidogo, "Hebu njoo unawe, usiniachie aibu mie," ndipo unanawa. Bibi alisema karibu ya kwanza ni salamu, ya pili ni heshima, ya tatu ndiyo chakula. Na watu walikuwa wanaijua hesabu hiyo. Katika mwaka ule wa unga wa njano, mwanamke mwenye sufuria isiyotosha wanawe alikubembeleza vilevile, nawe ukala matonge mawili, ukajifanya umevimbiwa, ukaondoka. Hakuna aliyemwona mwenzie ana njaa. Hata njaa ilikuwa na mlango wake wa kupitia.

Sasa shule. Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa na akili, nasema mwenyewe kwa sababu waliokuwa wakisema wamekufa. Kiingereza alitufundisha Mwalimu Yohana, Mshambaa wa milimani huko Lushoto, Mlutheri, mrefu, ambaye hata Pangani kwenye joto la kukaanga mtu alivaa sweta asubuhi. Alikuwa hafundishi neno bila kitu. Neno la kulima alikuja na jembe, akalima pale pale chini ya dirisha. Neno la kumimina alikuja na mtungi akatulowesha miguu. Tulimpenda kwa hilo. Mwalimu mwingine angekuandikia ubaoni na kukuchapa; yeye alikuletea neno ulishike.

Siku moja akaja na kapu limefunikwa kitambaa. Mkewe alikuwa ameletewa unga wa ngano na ndugu zake. Kabla hajafunua tulijua. Iliki ilitangulia kuingia darasani, kisha mafuta, kisha sukari, na watoto wote tukanyamaza kama watu walio msibani. Alipofunua, yalikuwa maandazi, madogo, mekundu, yamenyunyiziwa sukari juu. Sukari, mwaka ule. Hata nzi hawakuamini.

Akageuka akaandika ubaoni: *want*.

"Maana yake kutaka," alisema. "Hili neno mnalo vichwani kutwa nzima. Leo mtalitoa midomoni. Nitamuuliza kila mtu, *do you want*, naye atajibu, *yes, I want*, atapewa lake. Basi. Hakuna somo jepesi kama hili."

Wa kwanza alikuwa Felista, tuliyekaa naye dawati moja. Wazazi wake walikuwa wakata mkonge, watu waliotoka mbali, Wakatoliki, na kwao kambini mtoto alilelewa kusema lililo tumboni. Mwalimu hajamaliza kuuliza, Felista ameshapiga kelele, "Yes, I want," mpaka mpiga kengele aliyekuwa nje akageuka. Darasa likacheka, Mwalimu akacheka, Felista akapewa andazi akalibana katika mashavu yote mawili. Kisha mwingine, kisha mwingine. Hata watoto wa pwani, waliolelewa kama mie, niliona wanatazama chini, wanameza mate, halafu wanalisema. Walilisema kwa haraka, kama mtu anayevuka uwanja akiwa na khanga moja. Lakini walilisema. Kwa Kiingereza halikuwa tusi, ndivyo walivyojidanganya.

Zamu yangu ikafika. Mwalimu akasimama mbele yangu, kapu liko usawa wa pua yangu, nami midomo yangu inang'ara mafuta ya Bibi.

"Do you want?"

Nililijua neno. Nililijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana. Na mdomo wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukasema:

"Ahsante, kwetu kipo."

Hapo hapo tumbo likanguruma. Halikunguruma kidogo, lilivuta kama mtu anayekokota meza. Mvulana mmoja nyuma akasema, "Kwetu kipo, na hicho kinapiga hodi," na darasa zima likavunjika kwa kicheko. Nilisikia joto limepanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio. Lakini sikuogopa sana, kwa sababu nilijua kanuni. Ile ilikuwa karibu ya kwanza. Nikainama, nikaanza kuchora sakafu kwa kidole cha mguu, nikangoja.

"Huyu hataki," Mwalimu akasema, kwa upole kabisa, na akasogea kwa mwingine.

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kidogo chini ya dawati. Niliushusha polepole nikaukalia. Felista akaninong'oneza na sukari bado iko mdomoni, "Wee una wazimu? Mdomo umeshaupaka mafuta, unaupeleka wapi?"

Yaliyofuata ndiyo ambayo sijapata kumwambia mtu, wala marehemu mume wangu, wala watoto niliowazaa. Kengele ya mapumziko ilipolia wenzangu walitoka kucheza rede. Nikasema nimesahau kitu. Darasa lilikuwa tupu, kapu limeondoka, lakini gazeti lililotandikwa ndani ya kapu lilikuwa limebaki juu ya meza ya Mwalimu. Lilikuwa na mafuta, na kwenye mikunjo yake sukari na vipande vidogo vya yale maandazi. Nililowesha kidole. Kwanza kidole. Kisha nikaona kidole kinachelewa, nikaliinua gazeti nikalilamba. Nililamba mpaka nikaisikia ladha ya wino.

Nilipoinua macho Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

Aligeuka, akatoka nje, akakaa huko kidogo, kisha akakohoa kwa nguvu, kama mtu anayefika sasa hivi na hajaona kitu. Akanipa nafasi ya kujifuta. Nikapita mbele yake nimebana midomo, kwa sababu ulimi ulikuwa mweusi. Angenichapa ningeshasahau. Nimechapwa sana maishani na mengi nimesahau. Kile kikohozi bado nakisikia, na kila nikikisikia natafuta pa kuficha uso, mwanamke mzima, mwenye wajukuu.

Alasiri moja baada ya hapo Mwalimu akaja nyumbani. Mama alikuwa mtoni na makumbi yake. Tulikuwa mie na Bibi. Tulipoisikia hodi yake, Bibi kabla hajaitikia alininyooshea kidole jikoni, nami nikajua la kufanya: nikapuliza moto, nikabandika sufuria ya maji, nikaifunika. Mgeni asikie kuna kinachopikwa.

"Karibu, Mwalimu. Karibu chakula," Bibi akasema.

"Ahsante mama, nimekula."

"Hata tonge? Kiko jikoni kinaiva."

"Nimekula, mama, nashukuru."

"Usituaibishe, Mwalimu. Kaa upate kidogo."

Roho yangu ilikuwa mkononi, maana angekubali tungempakulia mvuke. Lakini yeye akacheka tu. "Mama, mie nikisema nimekula nimekula. Kwetu nilivyolelewa, mtu akishasema, kumuuliza tena ni kumfanya mwongo." Maskini, alikuwa amekula kweli. Bibi akamtazama kama mtu aliyezungumza lugha ya ndege.

Akaeleza kilichomleta. Amehamishiwa Muheza. Yeye na mkewe wamezungumza. Huyu binti ana kichwa chepesi, na wao wana nafasi ndani. Kama wazee wakiridhia, waende naye, asome mpaka amalize la saba na zaidi ya hapo Mungu akijaalia. "Na chakula," akamalizia, "hatakosa."

Hilo la mwisho ndilo lililoharibu. Niliuona uso wa Bibi unafungwa kama dirisha la dukani. Chakula. Kwa hiyo anajua. Kwa hiyo mafuta yote yale ya chupani yalikuwa bure. Bibi akazungusha tasbihi, akasema kwa sauti ya mtu anayekataa ili abembelezwe, "Mie sijui. Muulize mwenyewe."

Mwalimu akanigeukia. Nadhani aliona amemkwaza mzee, kwa hiyo akaniuliza kwa lugha ambayo mle ndani tulikuwa nayo sisi wawili tu. Alitaka kunisitiri. Aliniuliza taratibu, kila neno limekaa peke yake, kama alivyokuwa akiuliza darasani:

"Do you want to come?"

Nilielewa. Sijapata kuelewa Kiingereza namna ile, kabla wala baada. Nilikiona chumba, na kitanda, na daftari mpya, na asubuhi ambayo mtu anapakwa mafuta kwa sababu amekula. Nilijua na jibu lake, maneno matatu tu, ambayo hata Bibi asingeyajua. Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama tasbihi. Na jikoni yale maji matupu yalikuwa yamechemka, mfuniko unacheza juu ya sufuria, unapiga makelele ya chakula, na Mwalimu aliusikia, nami nikaona ameusikia.

"Ahsante, kwetu kipo," nikasema.

Nikainama. Nikachora mchanga kwa kidole cha mguu. Nikangoja.

"Haya," Mwalimu akasema. "Mtoto simlazimishi." Akasimama, akamuaga Bibi kwa adabu zote. Nilikwenda mlangoni. Alipofika kwenye mtaro akakunja suruali ili avuke, akageuka nyuma, nami nikasema moyoni, sasa, sasa anauliza tena. Akaniinamishia kichwa tu, akavuka, akaenda zake.

Nikarudi ndani. Bibi alikuwa bado amekaa vile vile.

"Ndiyo kaondoka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hakusema tena?"

"Hakusema."

Mfuniko ulikuwa unagonga mpaka nikaenda kuiepua ile sufuria. Kisha Bibi akasema, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo, haikuwa ya serikali, "Mgeni gani huyu, asiyejua kubembeleza hata mara ya pili? Mie nilikuwa nimekaa hapa namngoja aseme tena, nimwambie haya, mchukue."

Sasa nyie niambieni nimlaumu nani. Mwalimu aliondoka Pangani na sweta lake. Mie la tano nililimaliza, la sita sikuliona. Nikaungana na mama mtoni, nikapiga makumbi mpaka mikono ikanuka kama yake. Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Abdi wangu nimemsomesha kwa kamba na kwa vitumbua, leo ni fundi umeme anayeheshimika, ana nyumba yake Usagara, ya bati la rangi na vigae chini. Simlilii mtu. Lakini Kiingereza changu kilibaki kile kile cha andazi, na mpaka leo nikiwa peke yangu huwa nalisema lile neno kimya kimya, nijue kama bado lipo.

Lipo. Na siku hizi limejaa mjini kama vumbi. Mjukuu wangu Nasra, binti yake Abdi, yuko darasa la tatu katika shule moja ya Raskazone, bajaji inamfuata mlangoni kama waziri. Shikamoo yake naipata akiwa anatazama simu ya mama yake, hata sijui kama nasalimiwa mie au simu. Lakini *I want*, hiyo haikosei. Nataka chipsi, nataka juisi, sitaki hii nataka ile. Anaisema mbele ya wageni, mdomo mkavu bila hata tone la mafuta, na hakuna anayetazama chini. Bibi yangu angemsikia angeanguka. Mie namsikia, namkemea, na Mungu anisamehe, namwonea wivu.

Masika haya ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ya Pangani ulianguka. Ulianguka mchana, kwa utaratibu, kama mtu aliyechoka kusimama. Nimebaki na chumba kimoja na turubai nililopewa na jirani, na mvua ikinyesha napanga ndoo. Abdi akipiga simu namwambia nyumba ni nzima, alhamdulillahi, hakuna neno. Nilidhani nimejisitiri. Kumbe jirani huyo huyo wa turubai alimpelekea picha. Siku hizi aibu ya mtu inafika mjini kabla yeye hajavaa viatu.

Abdi hakuniambia kama ameona. Nilipokwenda kwake kwa Idi niliona tu chumba cha uani kimepakwa rangi, kitanda kimetandikwa, na dirishani kuna pazia jipya la maua. Mkwe wangu akanipitisha pale kama anayenionyesha choo kilipo. Sikuuliza ni cha nani. Nilikaa kwenye kile kitanda kidogo wakiwa jikoni, nikalishika shuka kwa mkono. Nilikitaka kile chumba. Naandika hivi kwa sababu nyuso zenu sizioni. Nilikitaka mpaka meno yaliniuma.

Tukakaa mkekani kula. Pilau, kachumbari, mbuzi, juisi ya ukwaju yenye barafu. Nasra akajifanya mwalimu, ameshika mwiko, anatuuliza kila mmoja kwa Kiingereza kama tunataka hiki au kile, na asiyejibu kwa Kiingereza hapewi. Baba yake akajibu, mama yake akajibu. Akanifikia mie na jagi.

"Bibi, do you want juice?"

Sijui nini kilinipata. Labda ni ule mwiko. Nikasema, "Yes, I want."

Wote wakapasuka kwa kicheko na makofi. "Mama kumbe Mzungu, ulikuwa unatuficha," Abdi akasema, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nasra akanimiminia mpaka ikafurika. Na mie nilikunywa ile juisi nikiwa nimeona haya kama niliyevuliwa nguo sokoni, huku nacheka nao. Lilikuwa limetoka. Baada ya miaka yote ile lilikuwa limetoka, kwa ajili ya ukwaju.

Ndipo Abdi akafuta macho, akamwegemea mwanawe. Lakini hakuwa anacheka tena. "Muulize Bibi," alimwambia, "kama anataka kukaa na sisi. Kile chumba cha uani."

Enzi zetu sufuria ilikuwa na maji matupu, na mtu alikuuliza mara tatu. Leo sufuria imejaa, friji limejaa, na unaulizwa mara moja, kwa haraka, na watu wazuri wanaokupenda, kisha wanaheshimu ulilosema. Abdi wangu ni mtu wa namna hiyo. Mie mwenyewe nimemlea asiwe mtu wa kumsumbua mtu. Nilijua hatauliza tena.

Nasra akanisogelea na mwiko wake, amesimama mbele yangu, kifua mbele.

"Bibi," akasema, kila neno limekaa peke yake, "do you want to stay with us?"

Mkwe wangu aliacha kupakua. Abdi aliinama akawa anapanga punje za wali ukingoni mwa sahani. Nikatazama chini, nikaona kidole cha mguu wangu, kizee, kina ufa, kinachora juu ya vile vigae visivyo na mchanga. Neno lilikuwa limeshapanda mpaka nyuma ya meno.

"Ahsante, kwetu kipo."